Kabla ya Kuuliza "Ni wa Kiume au wa Kike?"



Mama akionekana ana mimba, katika familia zetu huulizwa maswali mawili. La kwanza huulizwa kwa sauti na mbele yake: "Hali yako vipi?" La pili huulizwa pembeni, na mara nyingi yeye mwenyewe hayupo: "Hivi safari hii atazaa nini?" Zamani swali hilo lilijibiwa na bibi kwa kutazama tumbo. Siku hizi linajibiwa na mashine. Mama anatoka Kitangari, Mnyambe, Lulindi au Lukuledi, anapanda basi au pikipiki kwenda mjini kupigwa altrasaundi. Akirudi nyumbani, kabla hata hajaulizwa kama mtoto ni mzima, anaulizwa kama ni wa kiume au wa kike.

Leo ukurasa huu unapenda kulizungumza jambo hilo waziwazi. Kutaka kujua jinsia ya mtoto aliye tumboni ni jambo la kibinadamu. Si dhambi wala si ugonjwa. Lakini zipo familia zinazoliweka swali hilo mahali pasipo pake: mbele ya afya ya mama, mbele ya uhai wa mtoto, na wakati mwingine mbele ya ndoa yenyewe. Hapo ndipo madhara yanapoanza. Basi tufuatane hatua kwa hatua.

Dalili za tumbo

Kila mmoja wetu amezisikia dalili hizi. Tumbo likichongoka ni wa kiume, likitanda ni wa kike. Mtoto akilala upande wa kulia ni huyu, akilala kushoto ni yule. Mama akipenda vitu vichachu, akichukia harufu ya mumewe, uso ukinawiri au ukichujuka, yote yana tafsiri yake. Wengine wamezihamishia tafsiri hizo kwenye mapigo ya moyo wa mtoto: yakienda mbio, wanasema, huyo ni msichana.

Ukweli ni kwamba umbo la tumbo hutegemea misuli ya mama, urefu wake, idadi ya mimba alizokwisha kubeba na jinsi mtoto alivyolala. Mapigo ya moyo ya mtoto nayo hubadilika anapolala na anapocheza, awe wa kike au wa kiume. Hayana habari yoyote ya jinsia.

Wala ubashiri huu si wa kwetu peke yetu. Zaidi ya miaka 3000 iliyopita, Wamisri wa kale walimwambia mama akojolee mbegu za shayiri na za ngano. Ikiota shayiri, mtoto ni wa kiume. Ikiota ngano, ni wa kike. Mwaka 1963 watafiti walilijaribu jambo hilo upya. Mara nyingi mkojo wa wajawazito uliziotesha mbegu, lakini haukuweza kutaja jinsia ya mtoto. Na wafalme walidanganywa kama sisi. Mwaka 1533 Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alihakikishiwa na wanajimu kwamba malkia atazaa mtoto wa kiume. Barua za kutangaza kuzaliwa kwa mwana wa mfalme ziliandikwa mapema. Akazaliwa binti, na barua ikabidi zirekebishwe. Binti huyo ndiye Elizabeth, aliyekuja kuitawala Uingereza kuanzia mwaka 1558 hadi alipofariki mwaka 1603.

Msomaji atauliza: "Mbona bibi yetu kijijini hakosei?" Jibu ni rahisi. Majibu yako mawili tu, hivyo anayebahatisha atapatia karibu nusu. Mkunga wa jadi aliyewatabiria akina mama 100 atakuwa amepatia kwa 50 hivi bila kujua lolote. Hao 50 watamsifu kijiji kizima. Waliobaki watacheka, watambeba mtoto wao, na watasahau. Sifa ya mtabiri hujengwa hivyo.

Anayeleta jinsia ni nani?

Hapa ndipo palipo na machozi. Mama amezaa wasichana watatu, sasa ana mimba ya nne. Mume anasema: "Ukileta tena msichana, rudi kwenu." Mama mkwe naye anamwita jikoni kwa upole: "Mwanangu, jitahidi basi safari hii. Mwenzio anataka kijana." Ajitahidi vipi? Kwa chakula gani, kwa dawa ipi?

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai nyingi mno, na ndani ya kila chembe vimo vijiti vidogo vya urithi viitwavyo kromosomu. Kwa kawaida viko 46, na viwili kati yake ndivyo vinavyohusu jinsia. Mwanamke ana X mbili. Mwanamume ana X moja na Y moja. Yai la mama daima hubeba X, kwa sababu hana kingine cha kutoa. Mbegu ya baba huweza kubeba X au Y. Mbegu yenye X ikilifikia yai kwanza, mtoto huwa wa kike. Ikitangulia yenye Y, huwa wa kiume. Mwaka 1905 Mmarekani Nettie Stevens aliona tofauti hiyo alipochunguza mbegu za wadudu, na mwenzake Edmund Wilson alifikia jambo hilohilo mwaka huohuo. Ni elimu ya zaidi ya miaka 100, lakini katika nyumba nyingi bado haijapiga hodi.

Kwa hiyo, mume anayemlaumu mkewe kwa kuzaa wasichana ni sawa na mkulima aliyepanda mtama kisha akaugombeza udongo kwa kutoota mahindi. Tuseme pia haki ya baba: yeye naye hakuchagua. Mbegu zinazoshindana ni mamilioni, wala hakuna anayeituma hii akaizuia ile. Kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa, na mama kuliko wote.

Wapo wanaodhani kwamba baada ya wasichana watatu sasa "ni zamu" ya mvulana. Mimba haina zamu. Kila mimba inaanza hesabu upya, karibu nusu kwa nusu. Chukueni familia 16 zenye watoto wanne kila moja. Kwa hesabu ya kawaida, karibu familia moja itakuwa na wasichana watupu, na moja wavulana watupu. Familia hizo hazikurogwa wala hazikukosewa na mtu. Ndivyo hesabu inavyokwenda.

Mashine inaona nini?

Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia. Mawimbi yanaingia tumboni, yanagonga mwili wa mtoto, yanarudi kama mwangwi, na mashine inaugeuza mwangwi huo kuwa picha. Haitumii mionzi kama ile ya eksirei. Daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Uskoti, walitangaza kazi yao ya kwanza kuhusu kipimo hiki mwaka 1958, na tangu hapo kimeenea duniani kote. Kwa hiyo mama asiogope kwamba mtoto "ataungua". Hata hivyo ni kipimo cha hospitali, kinachotumiwa na mtu aliyefunzwa na kwa sababu maalumu. Hakikuwekwa kwa ajili ya kujifurahisha.

Kuhusu jinsia, mashine ina mipaka. Hadi kama wiki ya 9 ya mimba, viungo vya nje vya uzazi vya mtoto wa kike na wa kiume vinafanana. Anayekuambia jinsia katika mwezi wa pili kwa kutazama picha anakubahatisha. Kuanzia wiki ya 14 picha huanza kuaminika zaidi, na kati ya wiki ya 18 na ya 22 mpimaji mwenye ujuzi hupatia kwa kiasi kikubwa. Lakini mtoto anaweza kubana miguu, anaweza kugeuza mgongo, na kitovu kinaweza kupita katikati ya mapaja kikaonekana kama kiungo. Basi mama akiambiwa "nadhani ni wa kike", alisikie neno "nadhani".

Kipo pia kipimo cha damu. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba chembe za urithi za mtoto huelea katika damu ya mama yake. Kutokana na ugunduzi huo, maabara kubwa huweza kuchukua damu ya mama kuanzia wiki ya 10 na kujua kama ndani yake mna Y. Kipimo hiki ni cha gharama, na kilikusudiwa hasa kutafuta hitilafu za kromosomu. Familia ya mkulima wa korosho haina sababu ya kukisumbukia.

Je, kuna wakati ambapo jinsia inahitajika kwa sababu ya tiba? Upo, ingawa ni nadra. Yapo magonjwa ya kurithi ambayo huwapata zaidi watoto wa kiume, kama ule wa damu kushindwa kuganda na ule wa misuli kudhoofika tangu utotoni. Familia yenye historia hiyo imweleze daktari mapema.

Maswali matano ya kutangulia

Tuseme baba ametoa fedha za korosho na mama amefika mbele ya mashine. Haya ndiyo maswali ambayo tungependa ayaulize kwanza, naye mumewe awepo ayasikie.

La kwanza: mimba ina wiki ngapi? Akina mama wengi hawakumbuki tarehe ya hedhi ya mwisho. Altrasaundi ya mapema hukadiria umri wa mimba vizuri zaidi kuliko ile ya mwezi wa nane. Asiyejua umri wa mimba hawezi kujua kama uchungu umekuja kabla ya wakati, au kama mimba imepitiliza.

La pili: mtoto ni mmoja au ni mapacha? Mama wa mapacha asijifungulie nyumbani hata kidogo. Hatari ya kutokwa damu na ya mtoto wa pili kukwama ni kubwa.

La tatu: kondo la nyuma limekaa wapi? Likiwa limeziba mlango wa kizazi, mama anaweza kuvuja damu nyingi bila maumivu yoyote. Likionekana chini katika mwezi wa tano, mara nyingi hupanda kadiri kizazi kinavyokua, lakini ni lazima lipimwe tena mimba ikikaribia kukomaa.

La nne: mtoto anakua sawasawa, na maji yanayomzunguka yanatosha?

La tano, hasa katika mwezi wa mwisho: ametanguliza kichwa, matako, au amelala mkingamo? Mtoto aliyelala mkingamo uchungu ulipoanza hawezi kuzaliwa kwa njia ya kawaida. Mama wa kijiji cha mbali anahitaji kulijua hilo akiwa na muda wa kusafiri. Saa nane ya usiku, mvua inanyesha na pikipiki haipatikani, litakuwa limechelewa.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mama mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, yaani kabla ya kumaliza mwezi wa sita. Katika maelezo yake lilitaja kukadiria umri wa mimba, kugundua mapacha na kugundua kasoro za mtoto. Jinsia haikuwa sababu.

Tena tusisahau kwamba mashine haipimi kila kitu. Haipimi presha ya mama, na kifafa cha mimba huanza na presha. Haipimi wingi wa damu, kaswende, virusi vya UKIMWI wala malaria. Haitoi chanjo ya pepopunda, vidonge vya kuongeza damu, wala dawa ya SP ya kuzuia malaria ambayo mjamzito huanza kupewa mwezi wa nne. Mambo hayo yote yanapatikana kwenye zahanati ya kawaida, na sera ya nchi yetu ni kwamba huduma za wajawazito katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo. Mama aliyepigwa altrasaundi mjini akaambiwa "ni wa kiume, mzima kabisa", kisha akaona hana haja tena ya kliniki, yuko katika hatari kubwa kuliko jirani yake ambaye hajawahi kuiona mashine lakini hakosi siku yake ya kadi.

Tusiseme haya kwa kutishana. Nchi yetu imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Lakini utafiti huohuo wa 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Watoto hao 24 ni wa kike na wa kiume. Wazazi wao wangetoa chochote warudishiwe mtoto yeyote.

Sisi wa uwanda huu

Kwetu Newala na Masasi kuna jambo la kushangaza. Wamakonde, Wamakua na Wayao, tangu asili, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno zito. Ukoo usio na binti ndio unaokwisha. Kwa desturi hiyo, bibi zetu walipiga vigelegele kwa msichana bila kuona haya. Imekuwaje basi leo, katika nyumba zetu hizihizi, mwanamke aliyezaa wasichana watupu anasimangwa? Desturi hiyo tumeiokota njiani, na hatukuangalia ina nini ndani.

Haki itendeke pande zote. Kama ni kosa kumsimanga mama kwa kukosa mvulana, ni kosa pia kwa ukoo wa mke kununa kwa sababu amezaa wavulana watupu. Kumpima mtoto kwa faida ya ukoo ni kumpima vibaya, ukoo uwe wa baba au wa mama.

Wazee wa uwanda huu walikuwa na hekima nyingine. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala, akaandika masimulizi ya asili ya Wamakonde. Yanasema kwamba mtu wa kwanza aliishi peke yake porini karibu na Mahuta. Akachonga sanamu ya mti, usiku ikapata uhai ikawa mwanamke. Wakashuka Ruvuma, mama akazaa mtoto, lakini hakuwa hai. Wakaenda bonde la Mbwemkuru, akazaa tena, naye hakuwa hai. Wakarudi juu Mahuta, akazaliwa mtoto wa tatu, naye akaishi. Tazameni jambo ambalo masimulizi yale yalishikilia. Hayakuhangaika na kama mtoto yule alikuwa wa kiume au wa kike. Yalishikilia kwamba aliishi, na kwamba wazazi walihama kutoka mahali pa hatari wakaenda mahali pa salama ili aishi. Kuhama huko leo ni kwenda kliniki mapema, na kusogea karibu na hospitali wiki za mwisho, iwe Ndanda, Mkomaindo au Newala.

Yaliyotokea kwingine

Wengine watasema: kuna ubaya gani? Ni kujua tu. Tutazame nchi za wenzetu. Kwa kawaida ya maumbile, duniani huzaliwa wavulana kama 105 kwa kila wasichana 100. Nchini China sensa ya mwaka 2010 ilionyesha karibu wavulana 118 kwa wasichana 100. Nchini India, kati ya watoto wa umri wa chini ya miaka saba, sensa ya 1991 ilikuta wasichana 945 kwa kila wavulana 1,000. Ile ya 2011 ikakuta 919. Wasichana waliopungua walikwenda wapi? Wengi walitolewa tumboni baada ya mashine kusema "wa kike". India ilitunga sheria mwaka 1994 ya kukataza wapimaji kutaja jinsia, na hata hivyo biashara iliendelea kwa siri. Mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania mwenzetu Mama Gertrude Mongella, uliutaja uchaguzi wa jinsia kabla ya kuzaliwa kuwa ni ukatili dhidi ya wanawake.

Lipo pia tumaini. Korea ya Kusini ilikuwa na ugonjwa huohuo: mwaka 1990 wavulana waliozaliwa walikuwa karibu 116 kwa wasichana 100. Mioyo ya watu ikabadilika, mabinti wakasoma, wakafanya kazi, wakatunza wazazi wao. Kufikia mwaka 2007 hesabu ilikuwa imerudi kwenye kawaida. Mwezi Februari 2024 mahakama ya katiba ya nchi hiyo ikaifuta sheria iliyozuia wazazi kuambiwa jinsia kabla ya wiki ya 32, ikiona kwamba hatari iliyoileta imepita. Maana yake ni kwamba mashine haikuwa na kosa tangu mwanzo. Kosa lilikuwa katika thamani waliyopewa watoto wa kike.

Kanisa nalo lilikwisha kusema. Hati ya Donum Vitae ya mwaka 1987 ilieleza kwamba kumpima mtoto aliye tumboni ni halali pale kipimo kinapoheshimu uhai wake na wa mama yake, na kinapokusudia kumlinda au kumtibu. Kinakuwa kinyume cha maadili pale mtu anapopima akiwa ameshaazimia kwamba majibu fulani yatakuwa hukumu ya kifo.

Kwetu hatujafika walikofika wenzetu, na sioni kwamba tunahitaji sheria ya kuwafunga midomo wauguzi. Ninachokiona ni mwanzo mdogo: mume anayepunguza matunzo baada ya kusikia "wa kike", mama anayekosa nauli ya kliniki mimba iliyobaki. Huyo mtoto hajauawa na mtu. Ameanza tu kunyimwa haki yake kabla hajazaliwa, na maradhi humaliza kazi iliyobaki.

Basi tufanye nini?

Kwa wazazi: kabla hamjaingia chumba cha kipimo, elewaneni. Mkitaka wote kujua, ulizeni mwisho, baada ya yale maswali matano. Kama mmoja hataki, mwenzake amheshimu. Habari hiyo ni ya mama kwanza, maana tumbo ni lake. Isifike kwa mawifi na majirani kabla yake.

Kwa akina baba: ukijua kwamba mtoto ni wa kiume, ukafurahi, halafu ukamwacha mkeo mwenye mimba ya miezi minane abebe ndoo ya maji kutoka mbali wakati bomba la kijiji limekauka, furaha yako haijamsaidia huyo mwanao. Beba ndoo. Weka akiba ya nauli. Jua nani ana pikipiki usiku, na nani katika ukoo atakubali kutoa damu.

Kwa akina mama wakwe na shangazi: neno lenu lina uzito kuliko la daktari. Mkisema "aje yeyote, tutampokea", mama atalala usingizi.

Kwa wauguzi na wapimaji: msitaje jinsia kama habari njema au mbaya. Neno "pole, ni msichana tena", hata likisemwa kwa utani, hufika nyumbani kabla ya mama.

Na kwa wote, tuzikariri dalili za hatari: kutokwa damu ukeni, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, homa kali, degedege, maji kumwagika kabla ya wakati, mtoto kupunguza au kuacha kucheza. Ukiona mojawapo, usingoje kesho wala usingoje mume arudi shamba. Nenda hospitali.

Jinsia ya mtoto utaijua siku ya kuzaliwa, hata usipolipa senti. Presha, upungufu wa damu na mtoto aliyelala mkingamo havingoji siku hiyo. Anzeni na hivyo.

Tunawatakia akina mama wajawazito wote wa Masasi na Newala uzazi salama.